Kadi ya Ami Khemissi

Mimi Zoulikha nina ulimi mkali, na mtaa wetu wote hapa Sétif unalijua hilo. Miaka mitatu iliyopita nilikatwa titi la kushoto. Mume wangu na dada zangu walinificha ugonjwa wangu miezi minne. Waliniambia ni uvimbe wa maziwa, mimi mwanamke wa miaka hamsini ambaye kitinda mimba wangu yuko jeshini. Siku nilipojua nilivunja sahani sita, kisha nikaapa kwamba mtu yeyote atakayeniuliza ukweli juu ya mwili wake, nitampa. Kiapo hicho nilikivunja kwa mzee mmoja, na tangu hapo sina raha.

Kila Jumapili na Jumatano tunafanya mazoezi chini kabisa ya hospitali, kwenye ukumbi uliopakana na chumba cha kufulia mashuka. Mwalimu wetu ni Hassiba, binti mpole aliyesomea kazi hiyo. Tunavuta mikanda ya mpira, tunanyanyua chupa za plastiki zilizojaa mchanga, tunakaa na kuinuka kwenye viti mpaka mapaja yanalia. Mwisho wa kila mwezi kuna kipimo cha kutembea. Viti viwili vinawekwa kwenye korido, mita thelathini kati yake, na mgonjwa anakwenda na kurudi kwa dakika sita. Mimi nilianza kama mgonjwa, nikabaki kama msaidizi. Nashika saa, nahesabu mikato, yaani kila safari ya kutoka kiti hadi kiti, nazidisha kwa thelathini na kuandika mita kwenye kadi ya kila mtu. Saratani hatuitaji kwa jina hata siku moja. Tunasema ule ugonjwa, na wengine hata hilo hawalisemi, wanainamisha kichwa tu.

Ami Khemissi, ami kwa heshima tu maana si ndugu yangu, alikuja mwezi wa kumi. Alikuwa na miaka sabini na moja, mjane, fundi wa matandiko ya farasi tangu ujana wake, na alivaa joho la sufu la kahawia lililonukia ngozi. Mwanawe Toufik, karani wa baraza la mji, alimkalisha kwenye kiti kisha akanivuta mlangoni. Akanieleza kwamba baba yake ana ule ugonjwa tumboni na umeshafika kwenye ini. Yeye amemwambia ni kidonda cha tumbo, na dripu anazowekewa ni za kuongeza damu. Na sasa limezuka jambo jingine. Wiki iliyopita kura ya haji ilichezeshwa mjini, na baada ya kuingia kwenye kura miaka kumi na minne, jina la mzee limetoka. Mzee hakulala kwa furaha. Daktari alipotaka aje kwenye mazoezi, Toufik alimwambia ni mazoezi ya mahujaji, na kwamba kamati ya madaktari wa haji itataka kuiona kadi yake.

Nilimkaripia. Nilimwambia huo si uongo, huo ni mzigo, na siku utakapoanguka utamponda mtu. Yule mwanamume mzima akaanza kulia mbele ya wafua nguo.

"Dada Zoulikha, akijua atalala asiamke tena," akasema. "Namjua baba yangu."

Nikamwambia hayo ni yenu, mimi nisiingizwe. Nikarudi ukumbini nikiwa nimekunja uso. Kumbe Ami Khemissi alikuwa anawatazama wenzake mmoja mmoja kwa upendo, wanawake kumi na wanaume wawili, wengine wana vilemba kwa kuwa nywele zimewatoka. Akawauliza kwa sauti ya bashasha kila mmoja ameshinda kura ya mtaa gani. Wote wakanigeukia mimi. Wallahi mdomo wangu huu usio na breki ukafunguka wenyewe.

"Wewe ndiye uliyebahatika, Ami," nikasema. "Sisi tunangoja zamu."

Basi ikawa hivyo. Hassiba hakupenda. Aliniambia kando kwamba mgonjwa ana haki ya kujua, lakini daktari ameiachia familia na familia imeshaamua, afanye nini. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na wengine wote wakafuata.

Na mzee alikuwa na bidii jamani. Siku ya kwanza alikwenda mikato minane, mita mia mbili na arobaini, akahema kama amepanda mlima. Mwezi uliofuata akafika mikato kumi na miwili. Katikati ya ukumbi kuna nguzo nene ya saruji, na kila mazoezi yakiisha alikuwa akiizunguka mara saba, kama mahujaji wanavyoizunguka Kaaba, nguzo ikiwa upande wake wa kushoto, midomo ikicheza. Tulianza kwa kumcheka kimoyomoyo. Baada ya wiki mbili wale wanawake walikuwa wakimfuata nyuma, mmoja mmoja, wakiburuta miguu na mikono yao iliyovimba. Hassiba alisema hayo ni mazoezi bora kuliko yake. Mimi niliona ujinga, halafu siku moja nikajikuta nami nimo kwenye msafara, saa mkononi, machozi yananitoka, nikasingizia vumbi.

Jambo moja lilikuwa likimuudhi. Kwetu mzee yeyote mwenye ndevu nyeupe huitwa Haji, awe ameiona Makka au ameiona kwenye kalenda tu. Muuza mboga humwita hivyo, bawabu wa hospitali humwita hivyo. Ami Khemissi alikuwa hakubali. Alikuwa akisimama, anamwinulia mtu kidole na kumwambia, "Sijafika. Niite Ami mpaka nirudi." Alimkatalia hata imamu wa msikiti wake.

Kadi yake aliipenda kuliko kitambulisho. Ilikuwa ya rangi ya manjano, na kwetu karatasi zote za hospitali huandikwa Kifaransa. Ami Khemissi alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, Kiarabu alikisoma bila kukwama. Kifaransa alijua tarakimu na jina lake tu. Basi alikuwa akizunguka na ile kadi kwenye mfuko wa joho. Aliionyesha kwa kinyozi. Aliionyesha kwenye mkahawa wanakocheza domino, ikapita mkono kwa mkono juu ya vikombe, na kila mtu akamwambia mashallah, mita mia tatu na sitini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeziandika zile mita, chini ya maandishi makubwa yaliyopigwa chapa juu ya kadi.

Mwezi wa kumi na moja shemeji yake alikuwa anakwenda umra, ile hija ndogo isiyongoja kura, na kundi la watu wa mtaani kwao. Akamkaribisha. Toufik alimkatalia kwa visingizio vya baridi na dripu. Mzee hakuridhika, akaja kwangu baada ya mazoezi, akakaa kwenye kiti cha kipimo na kuweka mikono magotini.

"Zoulikha mwanangu, wewe humpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema. "Miguu ninayo sasa. Niende nao, au ningoje haji yangu?"

Nilijua jibu. Daktari alishamwambia Toufik kwamba huenda mzee asiione majira ya joto, na Toufik alishaniambia mimi. Ningesema nenda, nenda kesho, uiguse ile nyumba kwa mkono wako. Lakini angeuliza kwa nini kesho, na mimi ningelazimika kumwaga mtama wote. Nikamwogopa Toufik, nikaogopa uso wa yule mzee, nikaogopa na nafsi yangu.

"Ngoja, Ami," nikamwambia. "Usimalize nguvu zako. Haji si mbali."

Akaniamini. Akanishukuru na kuniombea dua, kisha akainuka kwenda kuizunguka nguzo yake.

Baada ya mwaka mpya akaanza kurudi nyuma. Mashavu yalimwingia, tumbo likatangulia mbele. Kipimo cha mwezi wa kwanza alikwenda mikato tisa, akaegemea ukuta. Mimi nikaandika mia tatu na thelathini. Akaitazama kadi kwa muda mrefu, akaniambia amehesabu mikato tisa, iweje hesabu yangu iwe kumi na mmoja. Nikamjibu kwa ukali kwamba mwenye saa ni mimi. Akacheka, akasema sawa, bibi wa saa, akairudisha kadi mfukoni.

Kamati ya haji ilikaa mwezi wa pili. Toufik alipanga kumzungusha mzee mpaka siku zipite, halafu amwambie wamechelewa, watajaribu mwakani. Lakini Ami Khemissi hakungoja mtu. Aliamka, akaoga, akavaa joho, akaenda peke yake kwa miguu kwenye theluji, kadi mfukoni.

Jumatano hiyo nilikuwa nimebaki peke yangu ukumbini nakunja mikanda. Akaingia, theluji bado iko mabegani. Hakunisalimia. Alikaa kwenye kiti, akapumua kwanza, akaniambia kwamba daktari wa kamati, binti mdogo, aliipokea kadi kwa tabasamu, akaisoma, na tabasamu likamwisha. Alimuuliza nani aliyemleta. Hakumpima hata mapigo ya moyo. Alipiga muhuri wa kukataa na kumshika mkono mpaka mlangoni, akimwambia Mungu hamkalifishi mja wake kwa asichokiweza.

Kisha akanipa ile kadi.

"Nisomee," akasema. "Si tarakimu. Haya ya juu."

Nilitaka kusema ni jina la hospitali tu. Nilifungua kinywa kwa nia hiyo hasa. Lakini alikuwa ananitazama, na nikahisi nimechoka kuliko siku yoyote ya dripu zangu. Nikamsomea. Idara ya saratani. Mazoezi kwa wagonjwa wa saratani. Nikalitamka lile neno mara mbili, kwa Kifaransa na kwa lugha yetu.

Akaichukua kadi mkononi mwangu, akaiweka gotini. Nyuma ya ukuta mashine za kufulia zilikuwa zinazunguka.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Ami."

"Na wale wa mkahawani? Wanasoma Kifaransa wale?"

"Wanasoma."

Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alikuwa anawapitia mmoja mmoja, kinyozi, wacheza domino, muuza mboga, bawabu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikaanza kuomba radhi, naongea ovyo, nasema mwanao alikupenda, sote tulikupenda. Akaniinulia kidole kama alivyokuwa akiwainulia wanaomwita Haji.

"Mwezi wa kumi na moja nilikuwa na miguu," akasema. "Nilikuuliza."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilimwambia labda bado ipo nafasi ya umra, tumuulize daktari, tutafute kiti cha magurudumu. Akaniomba nimsaidie kusimama. Pale mlangoni aliitazama ile nguzo, akanitaka jambo moja tu, kwamba nisimwambie Toufik kuwa yeye anajua. Mtoto amehangaika sana kumficha, akasema, tusimvunje moyo. Kadi aliiacha juu ya kiti.

Hakurudi tena kwenye mazoezi. Hassiba aliwaambia wenzetu kwamba anapumzika. Kwa wiki moja wanawake walijaribu kuizunguka nguzo, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa mbele, wakaacha.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake baada ya wiki tatu. Nilibeba mkate wa semolina na mafuta ya zeituni, nikijua hatakula. Chumba kilijaa majirani, wake kwa waume, kama desturi, na kila mmoja anamwambia uongo uleule. Kidonda kitapona, Ami. Mwakani inshallah utakwenda. Yeye amelala, uso umebaki mifupa, tumbo limevimba chini ya blanketi, naye anamjibu kila mmoja inshallah, inshallah, kwa adabu. Wacheza domino nao walikuwepo, wamekaa safu moja, hawainui macho.

Toufik alinikuta kwenye ukumbi wa nyumba, akanishika mikono yote miwili. Alikonda yeye pia.

"Nashukuru sana, dada," akaninong'oneza. "Mpaka leo hajui. Angalau hilo tumemwepushia."

Nikajikaza. Nikasema alhamdulillahi, mwongo mimi, nikaingia ndani.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na nguvu ya kugeuza kichwa, aligeuza macho tu. Nikamsalimu kama siku zote, nikamuuliza umeamkaje, Ami Khemissi. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilisogeza sikio.

"Haji," akasema. "Niite Haji."

Watu chumbani walikuwa wanatutazama, hawakusikia. Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa anangoja kwa utulivu, kama alivyokuwa akingoja niandike mita zake.

"Haji Khemissi," nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Akafumba macho. Majirani wakaitikia mashallah. Toufik akacheka kwa furaha pale mlangoni, akawaambia mnaona, leo baba ana nafuu.