Nyumba Mbili Zilizopishana Kabasha

Kifua cha Phinées ndicho kilichoanzisha mambo. Misimu miwili ya mvua alikohoa bila kupumzika, mpaka mwuguzi akamwambia waziwazi kwamba baridi ya Butembo haimfai, ateremke Beni kwenye joto. Ilikuwa mwaka 2002, vita ya Kongo ingali inaendelea, na mkewe Tamar akaanza kuulizia nyumba.

Siku zile bei za nyumba Butembo hazikutulia hata wiki mbili. Waliokimbia vijiji walikuwa wamejaa mjini, wafanyabiashara wakubwa walijenga kila penye nafasi, na madalali wa viwanja walizunguka kwa pikipiki wakigonga milango ya watu wasiouza. Mkopo wa benki ulikuwa jambo la kusikia redioni tu. Aliyenunua alilipa dola mkononi, zote, siku moja.

"Uza leo, Mama Keren," dalali mmoja alimhimiza Tamar. "Niko na client wa haraka."

"Na hizo dola nitapita nazo wapi mupaka Beni? Kabasha?"

Dalali akawasha pikipiki yake, akaenda. Kwenye mlima wa Kabasha, katikati ya miji hiyo miwili, wenye silaha walijua kupekua hata ndani ya mfuko wa unga.

Mchungaji Manassé, aliyehudumia makanisa ya miji yote miwili, ndiye aliyeleta njia nyingine. Alimjua mwalimu mmoja wa hesabu kule Beni, Madame Delphine, mzaliwa wa Kasai. Serikali ilimtuma Beni zamani, kisha vita ikakata nchi vipande na mshahara wake ukapotea huko huko Kinshasa. Sasa shule moja ya Butembo ilikuwa imemwita, naye alikuwa na nyumba Beni pamoja na mumewe, Hippolyte.

"Yeye anatafuta Butembo, ninyi munatafuta Beni," mchungaji alisema. "Donc mubadilishane. Nyumba, hapana mutu ataiiba njiani."

Miezi mitatu barua zilisafiri ndani ya Biblia ya mchungaji, kila barabara ilipofunguka. Kila mama aliisifu nyumba yake kama anayemwoza binti. Tamar aliandika juu ya mbao za mikaratusi, mabati mapya na chemchemi iliyo karibu. Delphine aliandika juu ya vyumba vitatu, jiko la matofali, chumba cha pembeni uani, na miti ishirini na sita ya kakao. Wazee wa pande zote mbili walikagua karatasi, wakaridhika; zilibaki sahihi tu. Wakapanga wahame siku moja, Jumamosi ya mwezi wa nane.

Mvua nayo ilikuwa imepanga yake. Lori la Tamar liliteremka Kabasha polepole, likazama kwenye tope mpaka ekseli. Kabla dereva hajamaliza kulaani, lori jingine likatokea chini likipanda, likashindwa kupita. Juu ya mzigo wake, kati ya magodoro na kuku, ulifungwa ubao mweusi wa darasani. Mwanamke mrefu akashuka, viatu mkononi.

Tamar alitazama ule ubao. "Ni weye Madame Delphine?"

"Mama Keren!"

Wakakumbatiana katikati ya njia, matope mpaka magotini, wakicheka kama wasichana.

Wanaume walichimba, na mchungaji, aliyepanda na akina Delphine, akavua koti akasaidia. Wanawake waliketi juu ya jiwe na mayai ya kuchemsha. Tamar alimenya lake, akashindwa kulimeza.

"Madame, kuko kitu sikuandika. Kwetu ni Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Ndege inapita juu ya bati kabisa. Sahani zinacheza. Ata sala tunakatisha, tunangoja ipite."

"Ni hiyo tu?" Delphine alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamwisha, akatazama vidole vya miguu yake. "Ya kwangu iko mukubwa. Ile chumba ya uani, kuko kapiteni ndani. Aliingia mwaka jana na bunduki yake. Hapana analipa, hapana anatoka. Niliogopa mutakataa."

Tamar aliinuka, akaenda kusimama ukingoni mwa barabara, mgongo umewageukia wote. Alikuwa amekasirika, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe si msafi. Akageuka kumtazama mumewe. Phinées alikuwa ameegemea sepetu, jasho linamtoka, anabishana na dereva kwa sauti kubwa. Anabishana! Tangu walipoanza kuteremka hakuwa amekohoa hata mara moja.

Akarudi kwenye jiwe. "Huyo kapiteni analala saa ngapi?"

"Anatoka zamu asubuhi sana, analala mupaka saa sita ya muchana. Kwa nini?"

"Hapana kitu," Tamar alisema, akala yai lake lote. "Lete karatasi."

Walitia sahihi juu ya boneti ya lori, mchungaji akiwa shahidi, mikono ya wote imeacha alama za tope pembeni mwa ukurasa. Malori yalipopishana, watu walipiga vigelegele.

Tamar alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama tangu ujana. Beni hakukaa hata siku tano kabla ya kukusanya wanawake kumi na wanne wa kanisa jirani. Mahali pa mazoezi: uani kwake. Saa: kumi na mbili na nusu asubuhi, kila siku, pamoja na ngoma mbili. Kapiteni alivumilia siku nane. Siku ya tisa alitoka amejifunga blanketi, macho mekundu. Wanawake wengine wakarudi nyuma, Tamar hakurudi.

"Mama, hii répétition itaisha lini?"

"Kapiteni, kumusifu Mungu hapana na mwisho. Tutakuombea usingizi."

Kapiteni akatikisa kichwa, akarudi ndani, na Jumatatu iliyofuata askari wake wakaja kubeba godoro.

Kwaya haikukatiza wimbo. Kapiteni alipofika langoni alisimama, akageuka.

"Sauti ya chini inachelewa," alisema. "Tangu siku ya kwanza inachelewa." Akaimba mstari wote kwa Kilingala, sauti nzito, safi, hapo hapo na mfuko wake begani. Wanawake wakamjibu kwa vigelegele. "Wasingya!" Tamar akampigia kelele ya asante kwa Kinande, na yule mtu akacheka kwa mara ya kwanza tangu waonane.

Siku ile wanawake walipaka chokaa chumba cha uani na kucheza humo mpaka rangi ikawaingia nyweleni. Kutoka Butembo Delphine aliandika kwamba sahani zake amezihamishia sakafuni na hana neno jingine baya.

Na Jumapili, ibada ilipoanza, kapiteni aliingia bila bunduki, akasimama kando ya kwaya asijue aende wapi. Tamar akasogea hatua moja, akamwachia nafasi.