Kiganja cha Kambo Bénédicte

Mwaka ule maduka ya Lubumbashi yaliporwa mpaka milango, na kampuni ya shaba ikasahau kulipa watu wake, sisi wenye vidimbwi vya tilapia pale Naviundu tulikuwa matajiri wa samaki na maskini wa unga. Kila mmoja alibeba beseni lake peke yake mpaka soko la Kampemba, na kila mmoja alirudi nalo. Nani angenunua? Noti zilikuwa nyingi kuliko majani, na majani angalau mbuzi anakula.

Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye lori, alitupa habari: kule Mokambo, mpakani, huja Mzambia anaitwa Bwalya, analisha wachimbaji wa kwao. Yeye hulipa kwa magunia ya unga.

"Lakini kamyo yangu haiwake juu ya beseni moja," Kasereka akasema. "Mujiunge. Na Bwalya anataka samaki ya kipimo kimoja."

Tukajiunga watu kumi na mmoja, tukakubaliana kuvua siku moja. Kuhusu kipimo, mimi, ambaye wote huniita Kambo Bénédicte, yaani bibi, mkubwa kwa umri na kwa mdomo, nikatoa sheria: samaki asiyefika kiganja abaki majini. Watu wakapiga makofi. Nilijisikia waziri.

Tulifika Mokambo jua likipanda, samaki wamefunikwa majani mabichi ya migomba. Bwalya, mtu mrefu mwenye kofia ya ngozi, akafunua kapu la kwanza, akafunua la pili.

"Bamama, ingine ni kama sahani, ingine ni kama kidole. Kipimo iko wapi?"

Nikatazama mikono yetu. Kiganja cha Papa Anselme, aliyemwaga shaba kiwandani miaka thelathini, ni sufuria. Cha Émerance ni cha mtoto wa komunyo ya kwanza. Kila mtu alikuwa amepima kwa mkono wake mwenyewe, kwa uaminifu mtupu.

"Nani alisemaka kiganja?" Anselme akauliza, macho kwangu.

"Bazee," nikajibu.

Bwalya akaanza kurudisha majani. "Mutarudi nayo, bamama."

Émerance akakaa vumbini. Nyumbani kwake watoto sita walikuwa siku ya nne wakila maembe mabichi na chumvi. Kwa jua lile, samaki wangeoza kabla ya nusu ya njia, na kikundi kingeoza pamoja nao.

Nikamsogelea Bwalya. "Mama yako ni wa ukoo gani?"

"Wa samaki."

Mungu ni mwema. Mimi ni wa ukoo wa mamba, na kwetu Babemba, wa huku na wa Zambia, ukoo hufuata mama, na mamba na samaki ni watani. Tunatukanana, tunanyang'anyana, tunazikana, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Nikamvua kofia, nikaikalia.

"Tangu lini samaki anamufunga mamba mulango? Miye njo mamba. Na hawa badogo ni bajukuu bako. Unabaacha jua ibapike?"

Soko likaanza kucheka. Bwalya akanusa hewa.

"Kumbe ni mamba. Miye nilizania ni mafuta ya kamyo inanuka."

"Mamba muzee, meno imekwisha. Njo maana naleta badogo."

Hapo akacheka mpaka akashika ukuta. Wakubwa akawachukua kwa magunia kamili. Wadogo, makapu mawili kwa bei ya kapu moja la wakubwa, ili awakaushe. Kisha akakata tete kwa urefu wa kiganja chake, akampa Anselme: "Kipimo ni hii. Mukono ya muntu hapana." Nami akanifungua kitambaa changu cha kichwani, mbele ya watu wote, akakifunga mkononi mwake. "Umekalia kofia yangu. Hii itabakia kwangu mpaka murudi."

Tulirudi Naviundu juu ya magunia, Émerance amelala mdomo wazi kama tilapia. Mwezi uliofuata tulikwenda tena, na uliofuata. Tete linaning'inia mlangoni kwa Kasereka, na samaki wa kila kidimbwi hupimwa kwa hilo.

Kila safari Bwalya hunionyesha kitambaa, na kila safari nasahau kukidai. Vitambaa vingine ninavyo. Mnunuzi mwingine sina.