Kengele Kabla ya Kui

Kuna wimbo unaitwa "Kui wa Bulla Pesa". Ukipigwa mahali popote Isiolo, hata mama anayeuza miraa anaweka fungu chini anatikisa mabega. Ni wa bendi ya Ngurumo, wa zamani sana, wakati vijana walivaa suruali za bugaluu na kufuga nywele kama kiota cha ndege. Unaanza na kengele: kang, ka-kang. Halafu gita la umeme linaingia na sauti iliyochanika, halafu ngoma, na mwisho kabisa ndipo Mzee Kimotho, mwimbaji wao, anamwita Kui arudi nyumbani.

Babu yangu hajawahi kukaa wimbo huo uishe. Ukianza tu anachukua fimbo yake, anachukua ekicholong yake, kile kigoda kidogo wazee wa Kiturkana wanatembea nacho, anaenda. Alitoka harusi ya jirani sahani ikiwa bado mkononi. Alitoka siku kaunti ilifungua soko, mkubwa mmoja akiwa katikati ya kusalimia wananchi. Nikiwa mdogo nilifikiri ni mambo ya kanisa, kwamba hapendi muziki wa dunia. Lakini nyimbo zingine za dunia alisikiliza, na mguu ukimchezacheza.

Sasa harusi ilikuwa yangu mimi, Apua. Jasper ni Mmeru, ana pikipiki, na mjomba wake Mzee Mungania ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati. Mzee Mungania alikuwa ameita Ngurumo wenyewe, wale waliobaki, waje kupiga.

"Waambie waache huo wimbo mmoja," nilimwomba Jasper.

"Apua, hiyo ndiyo wimbo. Ukiita Ngurumo bila Kui, umeita nini? Umeita wazee wenye spika."

"Babu atatoka."

Jasper alijua uzito wake. Babu ndiye alinilea baada ya baba na mama kufa, na hakuna mwingine wa kunitoa. Mzee Mungania alikuwa ameshasema mbele ya kamati: mzee wa msichana akiinuka kabla ya chakula, kwao hiyo ni kusema msichana hatolewi. Na alisema bila kucheka.

Kwa hivyo nikaanza kuuliza. Mimi si mtu wa kuongea mingi. Niliishia darasa la nane, tangu hapo ni kusuka nywele kwa saluni ya anti Waithera hapo mtaa wa Wabera, na kusuka kunafundisha mtu kungoja na kusikiliza. Siku hiyo redio ilikuwa inapiga huo wimbo, na mtangazaji akasema Kui alikuwa mwalimu aliyeaga dunia kwa ajali ya barabara.

"Uongo!" Anti Waithera alielekezea redio kitana kama mtu anayetaka kuichapa. "Kui aliolewa na mwanajeshi. Alimwacha Kimotho na gita yake kama kuku amenyeshewa."

Faduma, mteja wangu, alikuwa ameinamisha kichwa nikimsuka. Akasema kutoka huko chini, "Mimi nilisikia yuko hai. Amesilimu, ameenda mpaka Hija."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Watu wanajua nini! Mimi mama yangu alikuwa kwa baa Ngurumo walikuwa wanapiga, usiku fujo ilitokea." Anti Waithera akashusha sauti. "Mturkana mmoja aliingia na fimbo. Mrefu hivi. Wivu ulikuwa umemshika, anamtaka Kui. Wakamtoa nje watu wengi. Sikio lake moja lilikuwa limekatika hapa juu."

Mikono yangu ikasimama kwa kichwa cha Faduma.

"Unanivuta," Faduma akasema.

"Pole."

Babu yangu sikio lake la kushoto limekatika hapo juu. Nimelala kwa bega lake nikilitazama hilo sikio tangu nijue kutazama.

Sikumwambia mtu. Nilifikiria nyanya yangu marehemu, vile alikuwa akimwekea babu maziwa kando kila jioni, na nikajiuliza kama alijua kuna Kui. Nikamkasirikia babu. Kisha nikamhurumia. Kisha nikamkasirikia mwalimu, au huyo mke wa mwanajeshi, au huyo hajiya, sijui hata nilikuwa namkasirikia yupi.

Jasper akanipeleka kwa Mzee Kimotho mwenyewe. Anakaa mtaa wa Bulla Pesa, kwa ploti ya vyumba vya kupanga, chumba kimoja kimejaa spika mpaka kitanda kimebanwa ukutani.

"Wewe ni wa redio?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Hapana, mzee. Mimi ni bibi harusi."

"Ooo! Ni wewe Jasper anatunyima usingizi kwa ajili yako. Keti hapo kwa amplifaya, haiumi."

Nikauliza Kui alikuwa nani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa redio nawaambia mwalimu. Kwa baa nawaambia mwanajeshi, huko wanapenda kulaumu mwanajeshi. Wewe nitakuambia vile iko. Hakukuwa na Kui."

"Hakukuwa?"

"Nilikuwa na gita inalia vizuri na sina neno. Nikatafuta jina fupi. Jaribu kuimba 'Waithera' hapo, utakosa pumzi. Kui inaingia. Basi."

Jasper akasema, "Na ile sauti ya gita kuchanika? Gazeti iliandika ulikata spika na wembe."

"Wembe! Panya alikula spika yangu. Sikuwa na ingine. Nikapiga hivyo, watu wakapiga makofi, nikaanza kusema ni wembe."

Nilikuwa nimekaa kwa amplifaya kama mtu aliyepotea njia. "Na yule mtu wa fimbo, mzee? Huyo pia ni uongo?"

"Huyo ni kweli." Akajifuta macho. "Hatukuwa hata tumefika kwa maneno. Anaingia, anainama, anaangalia chini ya meza. Anaenda kuangalia nyuma ya ngoma. Anaenda mpaka choo, anarudi. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Sasa nani anatafuta mwanamke nyuma ya ngoma?"

"Mlimuuliza anatafuta nini?"

"Kwa lugha gani? Alikuwa anaongea Kiturkana tu, na mpiga ngoma wetu ni mtu wa Nyeri. Tukamsukuma nje. Asubuhi mji mzima unasema ni wivu, anataka Kui. Mimi nikaacha hivyo. Wimbo ukipata mtu na fimbo, unatembea wenyewe."

Kwa kona kulikuwa na ngoma, na juu yake kengele imefungwa kwa chuma. Nikaigusa. Ilikuwa ya chuma kilichofuliwa kwa mkono, mdomo umepinda upande mmoja, na kipande cha ngozi kavu bado kimeshika juu.

"Hiyo nilinunua kwa mtu wa vyuma kuukuu, kando ya soko," akasema. "Nimejaribu zingine. Hakuna inalia hivyo."

Tulitoka hapo nikiwa nimechanganyikiwa kuliko vile niliingia. Kama Kui hakuwako, babu alimtaka nani?

Nyumbani, njia ya kwenda Ngaremara, nilimkuta babu amekaa kwa kigoda chake, anachonga fimbo. Nikaona nikizunguka nitachelewa.

"Babu, Kui ni nani?"

"Nani?"

"Kui. Wa ile wimbo unatorokanga."

Akaacha kuchonga. "Hiyo iko na mtu ndani?"

"Babu! Wimbo mzima ni Kui. Anaitwa mpaka mwisho."

"Mwisho sijawahi fika."

Hapo ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukiona. Huwa anainuka maneno hayajaanza. Hata gita huwa halijaingia. Anainuka kwa kengele.

"Hiyo ni kengele ya Lomeri," babu akasema.

Wazee wenzake humwita Apalomeri, nami nilidhani ni jina tu kama majina mengine. Akanieleza. Lomeri alikuwa ng'ombe wake wa ujana, dume la madoadoa, lile kijana wa Kiturkana anapewa na kulipinda pembe mwenyewe na kuliimbia, mpaka watu wanamwita huyo kijana kwa jina la dume lake. Pembe moja ilienda juu, nyingine ilishuka kwa jicho. Kengele aliifua mwenyewe.

"Wezi walikuja wakachukua ng'ombe yote. Nikafuata nyayo. Nyayo zikafika kwa lami, zikaisha. Nikakaa hapa mji, kila siku naenda pale wananunua ng'ombe, naangalia. Hakuna. Usiku moja napita, nikasikia yeye."

"Ukaingia kwa baa."

"Niliingia."

"Babu, sasa ng'ombe atafanya nini kwa baa?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Kengele inaita ndani, mimi nitafute nje?"

Nilitaka kucheka, nikaanza kuokota vipande alivyochonga.

"Walikuwa wananicheka," akasema. "Sikuona shida. Nilikuwa naangalia tu atoke wapi. Halafu nikaona kengele. Imefungwa kwa chuma. Haina shingo. Ndiyo nikajua wamemla."

Akarudi kwa fimbo yake. Watu wanacheza huo wimbo tangu mama yangu hajazaliwa, wanagombania Kui ambaye hayuko, na aliyekuwako hakuna anayemjua.

Kesho yake nilirudi Bulla Pesa nikamwambia Mzee Kimotho yote. Hakucheka tena. Alikaa akiangalia kengele.

"Mimi nilinunua," akasema.

"Najua, mzee."

"Nimekuwa nikijua kuna mtu mahali ananichukia kwa sababu ya mwanamke wa kutunga. Kumbe ni ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Sasa unataka niimbe Kui bila kengele? Itakuwa kama nyumba haina mlango."

"Tafadhali, mzee. Siku hiyo moja."

Alikataa, akakubali, akakataa, akakubali. Akajaza kitambaa ndani ya kengele, akaitia kwa gunia mbele yangu. Nilimwambia babu haitapigwa. Akasema basi atakaa.

Siku ya harusi hema zilikuwa kwa uwanja wa shule. Tulitoka kanisani vizuri, babu amevaa koti la Jasper, kofia yake ya manyoya juu. Chakula kilikuwa bado kinapakuliwa, Mzee Mungania ameshika soda, Ngurumo wakaanza.

Gita likaingia peke yake. Watu walikuwa wameinua mikono tayari, mikono ikabaki juu. Walikuwa wanangoja mlango. Anti Waithera akaangalia huku na huku, akasema kwa nguvu, "Hii ni gani sasa?" Watoto waliokuwa wanaruka wakasimama.

Babu aliinamisha lile sikio lake. Mimi nilishika mkono wa koti lake.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Nini, babu?"

"Lomeri."

"Si nilikuambia hawatapiga?"

"Sasa wanalia nini, na yeye hayuko?"

Nilikuwa nimehangaika kutoa ile kengele kama mtu anayetoa mwiba, na sasa anaulizia mwiba wake. Akainuka. Mzee Mungania akaweka soda chini.

Babu akaenda moja kwa moja kwa bendi. Mzee Kimotho akaacha kupiga, akaingiza mkono kwa gunia, akatoa kengele, akampa kwa mikono miwili. Babu akavuta kile kitambaa, akakitupa, akatikisa.

Kang. Ka-kang.

Hema ikapiga kelele. Lakini babu aliipiga polepole, si kama kwa wimbo, ni mwendo wa mnyama anayerudi jioni ameshiba. Mpiga ngoma akajaribu kukimbia mbele, akashindwa, akapunguza akamfuata. Gita likaingia likilia. Babu akainua mkono mmoja juu, ameupinda kiwiko, mwingine una kengele chini kando ya jicho, kama pembe, akaanza kuimba Kiturkana na sauti ambayo sikujua anayo. Na akatembea. Akapita kati ya viti, akapita meza ya keki, akatoka nje ya hema.

Lile niliogopa ndilo hilo.

Mzee Mungania akanijia. "Mzee wenu anatoka?"

"Ee... anatoka."

"Hii ni mila yenu?"

Nilimtazama babu huko nje juani, na ule mkono juu. Sijawahi kuona mtu akitoka harusini hivyo, wala sikujua kama analia au anafurahi.

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa mbona hukusema mapema?" Mzee Mungania akainua mkono wake, akaupinda vibaya kama mtu anayejikinga na nyuki, akafuata. Kamati ikamfuata. Faduma, anti Waithera, wapishi na miiko yao, wote wakatoka mikono juu. Hema ikabaki na bendi na mimi na Jasper.

"Tunaenda wapi?" Jasper akauliza.

"Sijui. Fuata tu."

Tulizunguka uwanja. Babu alipochoka aliturudisha hemani, akakaa kwa kigoda chake, kengele kwa magoti. Bendi ilikuwa bado inapiga, ikafika kwa maneno, na Mzee Kimotho akafunga macho akaanza kumwita Kui arudi. Babu akasikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Wimbo ulipoisha akanivuta karibu. "Huyu Kui ni nani?"

"Hayuko, babu. Hajawahi kuwako."

Akafikiria, akaipangusa kengele na mkono wa koti la Jasper.

"Sasa mbona anamlilia hivyo?" akauliza, na akapokea sahani yake.