Moto wa Kalama

Kabla ya kuingia kwenye filamu, Muindi alikuwa mchoraji wa Tala. Ng'ombe kwenye kuta za bucha, vichwa vya watu kwenye vibanda vya vinyozi, yote yalikuwa kazi ya mkono wake. Nyumbani alikuwa na picha moja tu, ya mkewe Mbinya akipepeta ndengu. Rangi haijakauka vizuri, Mbinya akafa kwa homa ya mapafu, akaacha binti mdogo, Kasiva.

Mwaka 1994 watu wa filamu walikuja kutafuta fundi wa kuzeesha ukuta mpya. Muindi akaupaka majivu na masizi, hata wenyeji wakadhani umesimama tangu zama za babu zao. Hakurudi tena kwenye bucha. Filamu moja ilimvuta kwenye nyingine, mpaka akawa msimamizi wa mandhari, mwenye kuamua kila kitu kinachoonekana nyuma ya waigizaji. Kasiva akalelewa na nyanya yake.

Miaka ikapita, watu wa filamu wakajenga huko Kalama nyumba ambayo katika hadithi ingeungua. Githinji, mwelekezaji, akatazama ukuta wa sebule. "Hapa panataka picha ya mama wa nyumba hii," alisema. "Na tunaanza kesho."

Muindi akaenda kuitungua picha ya Mbinya. Kasiva, sasa msichana wa sekondari, akasimama mlangoni.

"Baba, mimi sura ya mama naijua hapo tu."

"Nitairudisha. Siku ya moto nitatundika nakala."

Filamu ikapigwa, picha ikiwa ukutani. Kisha Muindi akaanza nakala. Macho yalikubali, taya likakubali. Kile kicheko alichokuwa Mbinya akikizuia midomoni kikakataa katakata. Akafuta, akarudia. Akatokea mwanamke mzuri, mgeni kabisa.

Siku ya moto Githinji akaitazama nakala, akaguna. "Si yeye. Lakini uamuzi ni wako, Muindi."

Angeitundika hivyo hivyo, hakuna ambaye angemlaumu. Ila miaka yote ile alikuwa amejifunza kutovumilia kosa ukutani. Akaitundika ile ya kweli, akatoka, akainua mkono moto uwashwe.

Rangi ya mafuta iliwaka upesi. Alipoona kupitia dirishani uso wa Mbinya ukijikunja, akapiga kelele, akakimbilia mlango. Laban, fundi wa taa, akamkamata kiunoni.

Nyumbani alifika na nakala. Kasiva akaitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"



Filamu ilipoonyeshwa Machakos, moto ulionekana kwa nje tu, paa likianguka. Filamu ilikuwa ndefu mno, Githinji alieleza. Sehemu ya moto wa ndani waliikata.

Kasiva alipomaliza shule akahamia Mlolongo, akaolewa huko. Baba yake alipomtembelea alimpokea kwa heshima zote za mzazi. Siku moja Muindi akamwangalia akicheka na mtoto wake, akaona midomo ile ya Mbinya. Akamwomba akae kidogo, amchore.

"Hapana, Baba," Kasiva alisema kwa upole, akamwongezea chai.