Mlango wa Chaki

Asubuhi ile Usiguse alimkuta shangazi yake amechora mlango ukutani. Aliuchora kwa chaki, mlango mzima wenye bawaba, kitasa na tundu la ufunguo, na chini yake akaongeza hata mkeka wa kufutia miguu. Mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya mchoro wake, mikono mapajani, kama mgeni anayengoja kufunguliwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ninautaka hapa hapa, usisogee hata shubiri."

Jina la Usiguse alipewa na waashi. Ofisi ya mambo ya kale ilimtuma kukagua majengo ya mji mkongwe, na mafundi hawakuchelewa kugundua kwamba hakuwa na neno jingine. Usiguse hiyo nguzo. Usiguse hilo tao. Walimtania kwamba hata kikombe cha chai hakipeleki mdomoni kabla hajajua ni cha karne gani.

Na katika kuta zote za mji, huu wa shangazi yake ndio uliomkaa moyoni. Lipu ilikuwa imebanduka upande mmoja, na hapo mtu aliweza kuwaona wote walioutawala mji huo, tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa walikuwa watu wa mawe, waliopanga jiwe juu ya jiwe bila tone la udongo, na hadi leo wembe haupenyi. Juu yao watu wa chokaa, waliopenda weupe na mbao za kuchonga. Wakafuata watu wa matofali, ambao hawakuweza kuona ukuta wasitamani kuutia tao. Mwisho tukaja sisi wa saruji, tukapiga lipu juu ya kila kitu na kukipaka rangi ya manjano. Kila waliokuja walijigamba kwamba wanajenga upya, na kila waliokuja walipanda mabegani mwa waliowatangulia.

Lakini Shangazi hakuwa akiishi na karne, alikuwa akiishi na magoti yake. Nyumba ilifungukia uani, na kutoka uani kwenda mtaani kulikuwa na ngazi ambazo magoti hayo yalikwisha kuzisusia. Mwanawe, aliyehamia ghorofani upande mpya wa mji, alikuwa ameshakata shauri: Jumamosi angekuja na gari kumchukua. Sanduku lilikuwa tayari limefungwa kamba.

"Shangazi, ukuta huu ukitobolewa ndiyo basi tena."

"Na mimi nikipelekwa huko kwenye lifti ndiyo basi tena. Nipe mlango wa mtaani, nitoke bila ngazi, nibaki kwangu."

"Kwa nini hapo hasa, palipo katikati?"

"Hapa ndipo ninapomsikia fundi viatu anayeketi mtaani, nyuma ya ukuta." Akaugonga ukuta kwa mkongojo. "Fundi! Umeamkaje?"

"Salama, Shangazi!" sauti ikajibu kutoka ng'ambo, pamoja na mlio wa nyundo. "Huyo Usiguse amekubali?"

"Bado anahesabu karne."

Walikuwa wakizungumza hivyo tangu magoti yalipogoma, wawili hao, na hawakuwa wameonana uso kwa uso hata siku moja. Usiguse alicheka. Kisha kicheko kikamkatika. Ukuta wenye unene ule haukupaswa kupitisha hata mlio wa ngoma, sembuse salamu.

Akainama, akaanza kuugonga kwa vifundo vya vidole, kama alivyozoea kazini, sikio limegusa rangi. Pembeni, ukuta ulikuwa bubu. Alipofika ndani ya mchoro wa chaki, uliitika.

Fundi mwashi, aliyeitwa na Shangazi, alikuwa amejibanza karibu na dirisha la uani. Waliomjua walimwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mwenye kazi, ila siku hiyo alidamka kwa kumhofia Shangazi.

"Bandua lipu hapa," Usiguse alimwambia. "Lipu tu."

"Niguse?"

"Gusa."

"Niguse kweli?"

Lipu ikadondoka vipande vipande. Likajitokeza tao la matofali, lililozibwa. Ndani ya tao, boriti ya kuchongwa ya watu wa chokaa. Usiguse akapiga magoti, akafagia chini kwa brashi yake, akakuta kizingiti cha mawe, kimelika katikati kama ubao wa kukatia mboga. Watu wa mawe walipita hapa. Waliowashinda walibomoa mengi ya mji, ila mlango huu waliuvisha tu mavazi yao wakaendelea kupita, na waliofuata vivyo hivyo.

"Basi nani aliyeuziba?" Shangazi aliuliza.

Usiguse alitazama matofali ya saruji yaliyojazwa ndani ya tao. "Sisi."

Shangazi akapiga hesabu zake, kisha akaangua kicheko. "Huyo ni baba! Nilizaliwa nikakuta ukuta, lakini mama alikuwa akisema kuna mlango uliozibwa siku dada yangu mkubwa alipoanza kuchungulia vijana wa mtaani. Nilidhani ananitisha tu."

"Ikasaidia?" mwashi aliuliza.

"Wapi! Alitokea dirishani, akaolewa na mpiga tarumbeta."

Usiguse hakucheka nao. Miaka yote alikuwa ameulinda ukuta huu kama usia wa mataifa manne, na hasa hapa alikuwa amelinda wasiwasi wa babu yake. Hata hivyo, matofali hayo ya saruji nayo yalikuwa usia wa babu. Baada ya miaka mia huenda angetokea mtu wa kuyapenda kama yeye alivyoyapenda mawe, naye angemlaumu. Jambo hilo lilimuuma. Akalitazama sanduku lililofungwa kamba.

"Usiguse tao," alimwambia mwashi. "Usiguse boriti, usiguse kizingiti. Mengine toa."

"Lini?"

"Leo."

"Leo," mwashi alirudia, kama anayejifunza neno geni.

Tofali la kwanza lilipotoka, mwanga uliingia na vumbi lake, na nyuma ya vumbi uso wa mtu mwenye misumari mdomoni. Aliitema haraka.

"Shangazi? Kumbe u mdogo hivi! Kwa sauti ile nilidhani unajaza mlango."

"Nawe kumbe una mvi! Nimekuwa nikikuita kijana muda wote huu."

Wakacheka, kisha Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kanga na kuomba simu. Mwanawe alipopokea, hakumpa nafasi ya salamu.

"Jumamosi njoo na gari kama ulivyosema. Ila lisije tupu, lipakie mlango."

"Mlango? Mlango wa namna gani, mama?"

Shangazi akamgeukia Usiguse, ambaye tayari alikuwa amefungua kinywa, enzi tatu za mlango huo zikigombania ulimi wake.

"Wowote, mwanangu," Shangazi alisema. "Sharti ufunguke."