Mzee wa Babeli na Kiu ya Warina

Warina aliamka koo limekauka na kichwa kimevurugika. Jana, mfungo wa Ninawi ulipokwisha, alilamba unga wa nafaka uliojaa chumvi akalala bila kugusa maji, kama wafanyavyo wasichana wa mji wao wa Alqosh, kaskazini mwa Iraki. Atakayekupa maji ndotoni ndiye mume. Na leo Mama Nashwan alikuwa anakuja kuchukua jibu, maana mwanawe yuko Amerika na anataka mke wa kutoka nyumbani. Warina hakujua anataka nini. Alitegemea ndoto imwamulie, nayo ikamletea mzee!

"Mzee gani?" akauliza Bibi Shmuni.

"Wa jiwe, Bibi. Ndevu zimesukwa, kofia ndefu. Kanipa mtungi wa maji, kacheka."

Baba yake, Yonan, mwalimu wa historia, alinyanyuka kitini. "Mfalme wa Babeli huyo! Sisi ni Wakaldayo, damu yake hasa. Anakwambia usiiache nchi ya mababu!"

"Babeli ya wapi, shemeji?" Mjomba Toma akadakia. "Babeli iko huko kusini, gari linakesha njiani. Ninawi unafika kabla chai haijapoa. Huyo Mwashuri."

"Mwashuri wewe na punda wako!"

"Haya, awe wa Babeli. Wafalme wako hao kazi yao si ilikuwa kuhamisha watu? Basi anamwambia ahame!"

Yonan akaenda kuleta vitabu. 

"Baba, sasa niende au nisiende?"

"Subiri, mwanangu. Kwanza tumjue ni nani."

Warina akanyoosha mkono kwenye jagi la maji. Bibi akauchapa. "Thubutu! Ukinywa kabla ndoto haijafasiriwa, inafutika."

Basi wafalme wakafa na kufufuka pale sebuleni, Babeli ikabomolewa na kujengwa, na binti mwenye ndoto yake kakaa pembeni kama mgeni. Kila aliyesema alimwongezea kizunguzungu. Ukisikia mkuki kwa nguruwe, ndio huo.

Adhuhuri Mama Nashwan akaingia na sinia la kleicha, biskuti za tende, harufu ya iliki ikamtangulia. Hakusalimia hata nusu. "Yesu wangu, midomo ya mtoto imepasuka! Nyinyi mna macho kweli?" Akamimina maji, akamwekea Warina glasi mdomoni.

Warina akanywa yote bila kupumua.

"Mmeona?" Bibi akapiga vigelegele. "Maji kayapata! Kwa mkono wa mama mkwe!"

Hata Yonan na Toma, waliokuwa hawajapatana tangu asubuhi, wakakumbatiana. Sinia likafunguliwa, majirani wakachungulia, Mama Nashwan akaanza kulia kwa furaha.

Kiu ilipomtoka ndipo akili ya Warina ikatulia, na jibu akalijua waziwazi: hataki kwenda.

"Mimi sijasema kitu," akasema.

Vigelegele vikammeza. Akasema tena, kwa sauti zaidi, na Mama Nashwan akambusu shavuni, akamtia kleicha mdomoni.