Kiti cha Upande wa Kulia

…na hilo tundu moja la pua ya huyu mwanamke wa kwenye picha mtu angeegesha pikipiki, jamani, na la pili akaweka mizigo, nilimwambia tukae nyuma, baba, skrini hii ni kubwa kuliko nyumba yetu na ya jirani zikiunganishwa, akasema mstari wa tatu ndio mstari wa watu wanaojua picha, miaka thelathini na moja ameendesha mashine ya sinema na hakuna binti wa kumfundisha pa kukaa, haya, tumekaa, vichwa juu kama kuku wanaokunywa maji, macho hayanitoshi, nikimtazama mwanamke usoni siioni mikono, nikishuka mikononi sijui uso unasemaje, na sauti inapanda kutoka chini ya viti mpaka kwenye meno ya bandia ya baba, nayasikia yakigongana, lakini mwanamke ni yuleyule, meza ni ileile, sasa anachukua birika, naijua hii, nimeitazama mara arobaini kwenye ukumbi wa baba, tangu sijafikia kimo cha dirisha alikokaa mama akikata tiketi, anamimina kikombe cha kwanza, chake, sasa cha pili, anakisukuma pembeni, kwa mtu asiyekuwepo, anaanza kuzungumza naye, lugha yao hatukuijua wala hapakuwa na maandishi chini, tukajitafsiria, mimi nikasema mume wake amekufa na yeye anampa habari za siku, nilikuwa na miaka saba na sikutaka ubishi… ndiyo maana mama alipofariki, mwaka wa sita huu, sikujiuliza la kufanya, kila asubuhi namimina vikombe viwili, chake nakisukuma kulia, namwambia bomba limeziba tena, mjukuu wako kaota jino, mume wangu alishtuka wiki ya kwanza tu, siku hizi nikigeuka anakinywa yeye, anasema mama mkwe hawezi kumnyima.

"Mwanga mzuri," baba ananong'ona, "taa yao haitikisiki," nami nashusha pumzi, kwa sababu tangu ukumbi wake ufanywe ghala la magodoro na mashine ishushwe ngazi na watu wanne, amekuwa mtu wa kukaa akiangalia ukuta, leo ndiyo mara ya kwanza amenyoa ndevu bila kuambiwa, niliposikia wanafungua jumba hili kwa picha za zamani zilizosafishwa nikasema nitamleta, liwalo na liwe, lakini isimvunje moyo, Mungu wangu, naomba hilo tu, maana ana jambo moja la kujivunia, kwamba hakuwahi kumnyima mtu picha, mafundi wenzake walipopata picha pana waliipunguza ienee ukutani, ikabaki mistari miwili ya giza juu na chini, yeye akasema watu hawakuja kutazama giza, akaijaza ukuta mzima, kimo chote, watu wakampigia makofi… nageuka kulia nimwone kama bado anatabasamu, na nyuma ya kichwa chake, kule mwisho kabisa wa skrini, kuna mwanaume. Kuna mwanaume! Amekaa mezani, amevaa singlendi, anatafuna mkate, kikombe cha pili kiko mbele yake, mwanamke anazungumza na mtu, mtu mzima mwenye masharubu, alikuwepo siku zote, ukuta wetu ulikuwa mwembamba na picha ni pana, kilichozidi kikaangukia pazia jeusi la pembeni, na sisi tuliona kitu kinacheza kwenye lile pazia tukasema panya, kumbe ni taya la mume wa watu… nauma kiganja nisicheke, nimemzika mtu anayekula, miaka sita nazungumza na kiti kwa kufuata meza isiyokuwa na kiti kitupu, halafu kicheko kinakauka chenyewe, kwa sababu baba naye ana macho, akimwona huyu ataelewa kwamba aliwanyima watu picha, tena nusu meza, miaka yote ile, na jambo lake moja litakuwa limekwisha, mgeuze, mgeuze upande huu.

"Baba, chukua bisi."

"Zinakwama kwenye meno, wewe."

"Basi tazama zile taa za ngazini, zilivyo nzuri."

"Nimekuja kutazama ngazi? Tulia, mwanangu. Unamwona yule bwana?"

…basi, yamekwisha, nitasema nini, nitasema simwoni, skrini kama uwanja na mimi simwoni…

"Namwona, baba."

"Nilimkata mimi." Mabega yake yanatikisika, nampapasa mkono, baba, usilie, kumbe anacheka, meno yanagongana kwa kicheko. "Nilimwita mama yako juu kwenye mashine, nikamwambia ukuta hautoshi, chagua, tupoteze upande upi? Akatazama mara moja. Akasema yule anakula tu, hasemi lolote, mtoe, mwache mama wa watu azungumze."

"Mama alijua?"

"Ndiye aliyemtoa! Halafu wewe ukaanza kutangaza kwamba amekufa. Nikataka kukwambia. Mama yako akasema mwache mtoto, hiyo hadithi yake ni nzuri kuliko ya wenye picha."

"Jamani, tunatazama," anasema mtu wa mstari wa nne, na baba anaziba mdomo kwa leso lakini machozi yanamtoka, sijamwona hivi tangu siku ya magodoro, wala kabla yake, na mimi nimeshika bisi kama nimeshika mtoto wa mtu, mama alijua, kila mara nilipowahadithia wenzangu habari za marehemu yule alikuwa palepale dirishani akikata tiketi, anasikia, ananiachia, kile kiti hakikuwa kitupu mpaka mama alipokiondolea mtu kwa mkono wake, kwa hiyo ni wake, mama, kiti ni chako tangu zamani, kesho asubuhi nitakugombeza kwanza, chai itakuwa imepoa, halafu nitakwambia baba amecheka mpaka tumekaripiwa… birika bado liko mkononi mwa mwanamke, bado anaeleza, nageuza shingo yote kulia kumwangalia mumewe, bado anatafuna, kula, bwana, kula pole pole, samahani kwa mazishi.